Mabomba Yanayonuka Korosho

Kila kijana fundi anayekuja kunisalimu hapa nyumbani Masasi, akishatoa shikamoo na kuniuliza hali ya macho, hufuatisha swali lilelile: "Mama Hilda, katika kazi zako zote za kuchomelea, ipi unajivunia zaidi?" Nadhani mnangoja nitaje geti la kanisani, au mabodi ya malori ya korosho niliyoyatengeneza mpaka nikayachoka. Mimi nawajibu kwamba najivunia gari moja dogo la mabomba lililoko Kitangari, kule juu Newala, na kwamba sehemu bora ya gari lile haikutoka mkononi mwangu. Hapo mnaanza kutazamana. Hamjazoea kumsikia fundi akimsifu mwenzake, na kosa si lenu, sisi wazee ndio wachoyo. Basi leo nasifu, kaeni msikie.

Kwanza mjue nilikoanzia. Mimi ni Mmakua wa hapahapa Masasi, na kazi nilifundishwa na marehemu fundi Damiani, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikubali kunifundisha msichana wakati mafundi wengine walisema nitakimbia cheche. Sikukimbia cheche, ila nusura nikimbie msumeno. Alinipa msumeno wa chuma na vipande vya mabomba mabovu, akaniambia nikate, na nikawa nakata tu wakati wenzangu wanachomelea. Siku moja akasimama nyuma yangu akitazama nilivyokuwa nausukuma msumeno kifupikifupi, kama mtu anayekuna nazi kwa hasira.

"Hilda, huo msumeno una meno mpaka mwisho. Wewe unatafuna kwa ya katikati tu, magego yameng'oka?"

Tangu siku hiyo navuta msumeno mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, na kurudi nyuma naulegeza meno yake yasiishe bure. Ninyi mna grenda, na sina ugomvi na grenda. Inakata kwa dakika kazi iliyokuwa inanipotezea asubuhi nzima, na laiti ningekuwa nayo ujanani mabega yangu yangekuwa mazima mpaka leo. Ila umeme ukikatika msiniambie kazi imesimama. Msumeno hauna habari na umeme.

Jambo la pili alilonifundisha ni mdomo wa samaki. Bomba ni duara. Ukilikata wima na kulisimamisha juu ya bomba jingine, litagusa sehemu mbili tu, na pengine pote patabaki wazi. Fundi mvivu hujaza uwazi ule kwa rodi ya kuchomelea, anarundika chuma juu ya hewa. Kikitazamwa kiungo kimenona, ukikipanda kinakuacha. Kwa hiyo mwisho wa bomba sharti uchongwe mdomo, ulikumbatie lile jingine. Zungushia bomba karatasi ya mfuko wa saruji, chora mkunjo wako juu yake, kata pembe mbili, kisha maliza kwa tupa ya duara. Ukimaliza, shikanisha mabomba yako uyatazame dhidi ya jua. Ukiona mwanga unapita, rudi kwenye tupa. Fundi Damiani alikuwa akisema rodi ni gundi, si tofali.

Sasa nimwingize mwenye gari. Anaitwa Ausi, ila mimi namwita Baba Sharifa kwa jina la binti yake mkubwa. Ni Mmakonde wa Kitangari, fundi baiskeli na pikipiki, mtoto wa mchonga vinyago. Alishuka Masasi na lori, juu ya lori kuna mabomba meusi, ya unene mmoja, aliyopewa baada ya kusaidia kubomoa banda kuu la soko. Aliyashusha mbele ya karakana yangu bila kuuliza kama nina nafasi.

"Mama Hilda, hujambo? Nimesikia kuna Mmakua anayejua kushika moto. Nimekuja kuona kwa macho, maana Wamakua kwa kujisifu hamjambo."

"Sijambo, Baba Sharifa. Na mimi nimesikia kuna Mmakonde anayetaka kutengeneza gari. Mmechoka kuchonga mashetani ya miguu mitatu, sasa mnataka yenye magurudumu?"

Ndivyo tulivyoanza, kwa utani, na tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Nawaambia, kazi ngumu ukiifanya na mtani ni nafuu kubwa. Akikosea unamtukana kwa raha, naye hawezi kununa.

Chini ya utani alikuwa na jambo zito. Kwao maji ya kijiji yakikatika, na hukatika, wanawake hushuka bondeni na kupanda na ndoo. Mke wake, Fatu, alikuwa amebeba ndoo kilima kile tangu usichana, na sasa shingo ilikuwa imeanza kumkatalia. Akigeuka kumtazama mtu, anageuka mwili mzima. Ausi alitaka gari la kupandisha pipa la maji, mke wake akae pembeni badala ya kuwa chini ya ndoo.

Mtaniuliza kwa nini hakutafuta toyo la magurudumu matatu. Jirani yake alikuwa nalo. Lilipinduka kwenye kona ya juu, pipa likabingirika mpaka kwenye mihogo ya watu. Maji si kama magunia, vijana. Gunia ukilifunga linatulia, lakini maji kwenye kona yanahamia upande mmoja yote kwa pamoja. Ausi alikaa akalifikiria jambo hilo, akaamua anataka magurudumu manne, gari la chini, jembamba, pipa likae katikati karibu na ardhi. Injini alikuwa nayo, ya bajaji iliyokufa, ameifufua mwenyewe.

Nilimwomba mchoro. Akacheka, akafungua kiroba akatoa gari. Alikuwa amelitengeneza kwa mabua ya mtama, refu kama mkono wangu, kila bua ni bomba, kila kiungo kimefungwa kwa uzi wa kiroba. Nilidhani ananiletea mdoli wa mtoto. Akalishika kwa mikono miwili akalisokota taratibu, huku na huku. "Tazama hapa," akasema. Kweli, nikaona pale nyuma ya kiti mabua yanateleza na uzi unalegea. Akachomeka bua moja la mshazari, akafunga, akasokota tena. Safari hii likagoma, na udhaifu ukahamia mbele, karibu na usukani. Akachomeka jingine. Tulikaa pale mpaka chai ikapoa, tunalitesa gari la mabua na kuliongezea mbavu pale tu linapolalamika, si penginepo.

Mimi nilikuwa nimetengeneza vyuma miaka mingi nikiongeza uzito kila nikiingiwa na wasiwasi. Yule bwana aliuliza mabua kwanza. Niliupenda ufundi wake saa ileile, nikasema kazi hii naifanya.

Tukachora gari zima chini kwa jivu, kwa kipimo chake halisi, kwenye sakafu ya karakana. Tukakata mabomba na kuyalaza juu ya jivu, kila moja mahali pake, midomo ya samaki imekumbatia. Kabla hatujaanza kuchomelea, mvua za masika zikaanza kwa fujo, na paa la karakana yangu likang'oka upande. Ausi akasema atarudi na mabomba yake Kitangari, ayatunze ndani mpaka nikishapaua.

Hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo nadhani haliwezi kutokea Mbeya wala Tanga. Ninyi wa huku mnajua tunavyofanya na nguzo za nyumba. Tunazipaka mafuta meusi ya maganda ya korosho, mchwa wanazikimbia. Ausi aliyatazama mabomba yake, akaogopa kutu, akafanya alivyofanya baba yake kwa nguzo. Akayapaka. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi kamili, akamimina na ndani pia. Mvua zilipokwisha akayafuta nje kwa jivu na matambara mpaka yakang'aa, akayaleta. Hakuniambia, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kufunika unga.

Nikaanza kuchomelea sehemu ya chini. Mnajua utaratibu: unashika kila kiungo kwa nukta ndogondogo kwanza, unapima pembe hadi pembe, ndipo unajaza, na hujazi upande mmoja mpaka mwisho. Chuma kikipata moto kinavuta. Geti langu la kwanza nililijaza upande mmoja kwa furaha ya ujana, likapinda mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama ni geti au ni mlango wa kuingilia mbuzi. Kwa hiyo nikaenda kwa mishazari, huku kidogo, kule kidogo.

Viungo vya kwanza vikaanza kunitemea. Nikaona vitundu. Nikasema rodi zimekula unyevu, nikazikausha juu ya jiko la mkaa. Vitundu vikabaki. Nikapunguza moto, nikaongeza moto, nikalaumu umeme. Macho yakaanza kuniwasha ndani ya miwani. Sehemu yote ya chini ikawa imekwisha kuchomelewa ndipo mama mmoja aliyekuwa anapita na ungo wake akachungulia.

"Hodi fundi. Mnauza? Nionjesheni basi."

"Tunauza nini mama?"

"Si mnachoma korosho?"

Nikavua miwani. Kila bomba huwa nalitoboa tundu dogo la pumzi, kwa sababu bomba lililozibwa pande zote ukilipa moto linaweza kupasuka likakuua, na hilo mlishike kuliko yote ninayowaambia leo. Sasa katika yale matundu ya pumzi moshi wa kahawia ulikuwa unatoka, na chini ya moshi tone jeusi linachuruzika. Nikanusa. Nimezaliwa na kukulia kwenye harufu ile, ndiyo maana pua yangu haikushtuka.

"Baba Sharifa, umeyafanyia nini mabomba haya?"

Akanieleza, kwa fahari kabisa. Halafu akaona uso wangu.

Kesho yake uso ule ulikuwa umevimba wote, midomo na kope. Mafuta yale hayana urafiki na ngozi, na moshi wake ni uleule. Mume wangu alipita mtaa mzima akieleza kwamba hajanigusa, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumtazama vibaya. Ausi alikuja kuniomba radhi, akanitazama, utani ukamshinda: "Mama Hilda, leo unafanana na kinyago cha baba yangu." Nilicheka mpaka midomo ikapasuka.

Lakini kwenye fremu hapakuwa na kicheko. Nilikata kiungo kimoja katikati ili tuone. Nje kilikuwa kimependeza, mistari imelala vizuri. Ndani kilikuwa na matundu kama mkate. Nikamwambia ukweli ninaoujua: kwenye tambarare kinaweza kubeba, kwenye kilima chao, na maji yanayohama, sijui.

"Hujui, au hakibebi?"

"Sijui."

Akaweka mkono wake kwenye bomba la pembeni, pale kilipochorwa kiti cha abiria. "Hapa atakaa Fatu," akasema. Kisha akachukua msumeno wangu, akaanza kukata. Sikumwambia akate, na kama angeniambia tuache nisingemlaumu, maana mabomba kama yale asingeyapata tena. Alikata kiungo baada ya kiungo, fremu yote ya chini, kazi ya masika nzima ya kuisubiri na kuipanga. Alivuta msumeno mzima, mwanzo hadi mwisho, bila hasira. Nimeona watu wengi hodari wa kuunganisha. Wa kukata kazi yake mwenyewe iliyopendeza nje, nimemwona huyo tu.

Tuliyapeleka mabomba kondeni, mbali na watu, upande upepo unakoelekea, tukayachoma kwenye shimo, ncha zote wazi, nasi tumesimama kinyume cha moshi. Yalipopoa tukapitisha mchanga na waya na matambara ndani yake mpaka tambara likatoka safi. Yakawa mabomba mazuri kuliko mwanzo, ila kila moja lilikuwa limepungua ncha zote mbili. Tukayalaza juu ya mchoro wa jivu. Hayakufika. Kila upande yalibaki mafupi, na tulipoyasogeza pamoja kila namna, jibu lilikuwa moja: gari litachukua watu wawili bila pipa, au pipa na mtu mmoja.

Siku hiyo Fatu alikuwa amekuja kumtazama mumewe, amefikia kwa dada yake kule Lisekese, na alitubebea ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini. Nilikuwa sijamwona kabla. Mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye shingo isiyogeuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Kitangari?"

"Nzuri. Nimekuja kuona huyu mke mwenza wa chuma, mume wangu harudi nyumbani."

Tukala ming'oko tumezunguka lile gari la jivu. Ausi alikuwa hali. Mimi nilijua anachokiwaza. Mtu yule alikuwa ameendesha magari ya mabua tangu hajajua kuvaa suruali. Usukani alishautafuta, ameupiga polishi, anauweka chini ya kitanda. Kiti kimoja kilikuwa ni chake, nani angeuliza? Hata mimi nilishakunja karatasi kupima miguu yake.

Akanyanyuka, akachukua ufagio, akafuta kiti kimoja, kisha akafuta na cha pili. Akachora kingine katikati.

"Mama Sharifa, njoo ukae hapa."

"Nikae wapi?"

"Hapa kwenye jivu. Nyoosha miguu."

Fatu alidhani ni mzaha, akakaa huku anacheka, na khanga yake ikajaa jivu. Ausi akapiga magoti, akapima kutoka kiunoni mwake hadi unyayoni, kisha mkono wake, kutoka begani hadi kiganjani. Akaweka kipande cha bomba pale ambapo breki ingekaa, akamwambia akanyage. Ndipo kicheko kikamwisha.

"Nangu? Mimi ndiye niendeshe? Baba Sharifa, mimi hata baiskeli sijui."

"Utajifunza."

"Na wewe je?"

"Ukanyage tena. Mguu unafika vizuri?"

Nikageuka nikatafuta tupa ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Mimi si mtu wa machozi, ila siku ile nilisingizia moshi wa korosho na haikuwa kweli.

Tulilijenga lile gari kwa kipimo cha Fatu. Tuliongeza mshazari mmoja nyuma ya shingo yake, mrefu, wenye mto, ili kichwa kiegemee. Viungo nilivichomelea kwa moto mtulivu, na kila kimoja Ausi alikigonga kwa nyundo ndogo akisikiliza kabla hajaniruhusu kwenda kingine. Alinichosha. Nikamwita shetani la mbao, akaniita Mmakua wa haraka, na hakuna kiungo kilichopita bila kugongwa.

Fatu alijifunza kwenye kiwanja cha mpira, watoto wakikimbia nyuma yake na wanaume wakikaa pembeni kutoa mashauri. Mara ya kwanza alilipeleka moja kwa moja ndani ya goli, nyavu na yote. Wanaume wakashangilia bao. Akashuka, akatoa nyavu kwenye usukani, akapanda tena. Alikuwa na uvumilivu ambao sisi wenye kelele hatuna.

Maji ya kijiji yalipokatika nikaitwa, nikapanda Kitangari kushuhudia. Nilisubiri juu, penye nyumba yao, pamoja na majirani na ndoo zao. Ausi alikuwa ameshuka bondeni na mkewe. Tulikubaliana atembee nyuma ya gari amebeba kabari ya mti, injini ikizima aitupe chini ya tairi kabla halijarudi nyuma. Tukasikia injini kutoka mbali, inalia kwa gia ya kwanza, inapotea kwenye kona, inarudi. Pale kwenye kona ya juu ikanyamaza kidogo. Nikawa nahesabu viungo vyangu kichwani. Halafu ikalia tena, na Fatu akatokea, amenyooka, kichwa kimeegemea mto wake, pipa limetulia nyuma yake, limejaa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Alizima gari, akashuka, akafungua pipa akaanza kujaza ndoo za watu, na wala hakupiga domo.

Ausi alikuwa bado hajaonekana, gari lilikuwa limemwacha njiani na kabari yake. Barabara ile alikuwa ameipita maisha yake yote, lakini juu ya pikipiki. Tulikuwa tumejaza ndoo za majirani wote ndipo alipotokea, shati limeloa, kabari begani, anapumua kwa mdomo. Hakuja kuligusa gari wala kutazama viungo. Alikaa chini palepale alipofikia. Fatu akachota kikombe, akamletea, akainama kumpa.

Alikunywa chote. Kisha akatazama nyuma, kilima alichokipanda, muda mrefu, akamtazama mkewe.

"Kumbe ni mbali hivi," akasema.

"Na leo hukuwa na ndoo kichwani," Fatu akamjibu, akachukua kikombe, akaenda kumwongeza maji.